Sahani ya Tatu

Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu watatu, na Pulchérie alikuwa amealikwa peke yake.

Aliliona hilo kabla hajauona vizuri hata uso wa mwenyeji wake. Kazi ya labo, maabara ya hospitali, ilikuwa imemzoesha kutazama kwanza na kufurahi baadaye. Sahani tatu ndogo za udongo. Glasi tatu, kila moja imefunikwa kipande cha mkate. Viti viwili vilitazamana. Cha tatu kilikuwa kimegeuzwa kulielekea ziwa, kana kwamba yule aliyengojewa hakuwa na haja ya kuzungumza na mtu.

Akadhani mwenyeji huyo, Raphaël, amemhesabu Florentine. Lingekuwa kosa la kueleweka, kwa sababu huyo, dada mkubwa wa Pulchérie, ndiye aliyemleta. Walipanda moto moja, pikipiki ya kukodi, baada ya misa, na walipofika mlangoni Florentine alikataa kushuka.

"Mi siingii mule," alisema, akiwa bado amekaa nyuma ya dereva.

"Yaya, shuka basi umusalimie," Pulchérie alimwambia dada yake.

"Nitamusalimia siku ile atapika chakula ya batu bakubwa. Nasikia sahani zake ziko kama za batoto kuchezea. Unakula samaki moja kama kidole, unangoja. Unakula kipande ya kiazi, unangoja. Ile ni kula, ao ni kungojea matokeo ya examen?"

Dereva alicheka. Florentine hakucheka. Alimshika mdogo wake mkono.

"Pulchérie. Unajua vile baba alisema."

"Najua."

"Alisema hatakamata pombe ya posa ya mwanaume mwingine wakati matanga ya wa kwanza haijafungwa. Na kule Fizi bazee banangojea mama yake aseme neno. Yeye anasemaka lile lile kila siku: mutoto wangu angali anakula."

"Yaya, Jérémie alikufa."

"Ulimuona?"

Kwa Pulchérie, mtu wa labo, hilo lilikuwa swali la haki. Hakumwona. Hakuna aliyemwona. Boti iliyokuwa imembeba mumewe na mizigo ya soko ilipatikana imepinduka upande wa Ubwari. Wenzake waliokotwa mmoja mmoja, wakaliliwa, wakazikwa. Yeye ziwa halikumrudisha, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Karibu," alisema Raphaël, na Pulchérie akarudi kimawazo kwenye chumba alimokuwa amesimama.

Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye kitambaa cha jikoni begani na tabasamu linaloanza upande mmoja kabla ya kufika upande wa pili. Alizaliwa hapa Baraka, nyuma ya soko, akaondoka angali kijana, na akaishi Almería, kusini mwa Espagne, nchi ya Wazungu, kwanza katika mashamba ya nyanya, kisha jikoni. Aliporudi alinunua nyumba hii kando ya maji na kuandika TAPAS, yaani vile vyakula vya huko vya sahani ndogondogo, ukutani kwa rangi nyekundu. Wiki ya kwanza malaria ikamwangusha. Pulchérie ndiye aliyesoma damu yake. Alimwambia, bila kuinua macho, "Trois croix," misalaba mitatu, kipimo cha malaria kali, na mgonjwa akatabasamu kana kwamba amesifiwa. Siku ya pili akarudi kushukuru. Siku ya tatu akarudi bila sababu.

Restora, mgahawa huo, ingefunguliwa Jumamosi ijayo. Leo, Jumapili saa ya mchana, alikuwa amempikia yeye tu. Na leo Pulchérie alikuwa ameahidi kumpa jibu la posa yake.

"Nani wa tatu?" aliuliza.

"Wa tatu?" Raphaël alitazama meza, kisha akacheka kidogo. "Ah. Ni mama wa jikoni. Anatandikaka vile kila siku. Nilimwambia leo ni sahani mbili, sisi wawili." Alichukua sahani na glasi, akarudisha kiti ukutani. "Kaa. Usiondoke. Ukiondoka nitakufuata mpaka labo na sufuria mukononi."

"Utafukuzwa. Kule haturuhusu chakula."

"Basi nitakula mbele ya mulango, nikungoje mpaka ukuje."

Alipita kwenye pazia la jikoni. Pulchérie alisikia mafuta yakichemka, lakini hakusikia maneno. Aliyekuwa jikoni hakujibu, au alijibu kwa kichwa.

Akageuka kutazama nje. Ilikuwa saa ambayo jua linakaa juu ya utosi na vitu havina kivuli. Kwa kawaida Jumapili ufuko ulijaa wanawake wanaofua na wavuvi wanaoshona nyavu. Leo hapakuwa na mtu. Ziwa lilikuwa limelala, bila mkunjo hata mmoja, na milima ya Ubwari ng'ambo ilionekana karibu kuliko ilivyopaswa.

Alipogeuka tena, sahani ya tatu ilikuwa imerudi.

Hakuwa amesikia hatua. Kiti kilikuwa mahali pake, kimeelekea maji. Glasi ilikuwa imefunikwa mkate. Ndani ya sahani kulikuwa na ndakala wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa, wamepangwa vizuri, vichwa vyote upande wa ziwa.

Pulchérie hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya mapaja, akaanza kufikiri.

Katika ukoo wa Jérémie kulikuwa na desturi kwa mtu ambaye ziwa limemnyima kaburi. Hawakumaliza kumlilia. Kila siku walimwekea kidogo cha kila kilichopikwa, katika sahani ndogo, mbele ya kiti kinachotazama maji, na kinywaji chake walikifunika. Ikiwa sahani ilikutwa tupu, alikuwa angali anakula, na anayekula ana mke. Siku itakapokutwa kama ilivyoachwa, ndipo ingejulikana kwamba amekwenda zake. Matanga yangefungwa na mjane angekuwa huru. Pulchérie mwenyewe aliandaa sahani hizo miezi ya mwanzo, mpaka aliposhindwa na kurudi kwa baba yake.

Lakini huyu ni mwanaume aliyetoka Espagne, alijiambia. Kule sahani ni ndogo kwa wote. Kiti kinaweza kugeuzwa na mtu yeyote. Hizi ni dalili mbili tu, na dalili mbili si ugonjwa.

Raphaël alitoka na sahani ya ndakala na nyingine ya kiazi kilichopikwa na mayai kama keki. Aliona meza, akakunja uso.

"Lakini huyu mama!"

"Acha," Pulchérie alisema. "Nipe ya kwangu kwanza."

Alichukua ndakala mmoja kutoka sahani waliyoletewa wao. Alikuwa mkavu, mwenye ndimu na kitunguu saumu, na chumvi ya kutosha. Kisha, bila kueleza, akanyoosha mkono hadi sahani ya tatu, akavunja mkia wa samaki mmoja, akauweka kwenye ulimi.

Haukuwa na chumvi hata kidogo.

"Una nini?" Raphaël aliuliza. "Umebadilika uso."

"Haina munyu."

"Haiwezekane. Mi mwenyewe nilitia munyu mu unga."

"Ya kwetu iko nayo. Hii haina. Imekaangwa peke yake." Sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kusoma majibu ya damu. "Kuko nyumba moja tu najua banapikiaka muntu bila munyu. Banasema muntu wa mu mayi, mu ziwa, hawezi kula munyu, utamuchoma."

Alielekeza uso kwenye pazia.

"Mama Anastasie," aliita. Hakuinua sauti.

Jikoni kisu kilikuwa kinakata kitu juu ya ubao. Kikanyamaza.

"Unamujua?" Raphaël alinong'ona. "Mi namuitaka Mama Nasta. Alikuja mwenyewe kuomba kazi."

"Ni mama ya Jérémie."

Pazia lilifunguka. Mwanamke aliyetoka alikuwa pekupeku, ndiyo maana hatua zake hazikusikika. Alivaa kitenge cha buluu iliyofifia, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa kama siku ile ya kwanza ya matanga. Tofauti na wajane na akina mama wote waliofiwa ambao Pulchérie aliwahi kuwaona, huyu hakuwa amekonda. Macho yake yalikuwa matulivu kabisa.

"Karibu, muke ya Jérémie," alisema.

Pulchérie alisimama kwa heshima, akapiga goti kidogo. "Jambo, Mama. Baliniambia uko Fizi."

"Nilikuwa Fizi. Kule juu mayi haionekane. Nikashuka."

"Mama, juu ya nini hukuniambia wewe ni nani?" Raphaël aliuliza.

"Hukuniuliza, patron. Uliniuliza kama najua kukaanga ndakala."

"Na sahani hii?"

Anastasie alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa na mwenye nyumba kwa nini amefagia. "Lakini ni wewe ulianza! Nilipita mu barabara, dirisha ilikuwa wazi. Nikaona muntu anatandika sahani kidogo, kidogo ya kila kitu, anafunika glasi na mukate. Anarudi nyuma, anatazama. Hakuna muntu anakula. Kesho yake nikapita tena: vile vile. Nikalia pale pale mu barabara. Nikasema, asante Mungu, huyu naye iko na wake mu mayi, na haone haya batu bamuone."

Raphaël alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama, nilikuwa nazoesha mukono. Na kupiga picha za kutia ku telefone. Kule Espagne batu bote banakulaka vile. Bazima, habajakufa!"

"Bazima?"

"Bazima, na furaha yao."

"Batu bazima, na meno yao, banakula kidogo vile?" Anastasie alitikisa kichwa. "Na glasi banafunika juu ya nani?"

"Juu ya nzi, Mama."

Kama ingekuwa siku nyingine, Pulchérie angecheka mpaka machozi. Raphaël mwenyewe alikaribia, ule upande mmoja wa mdomo ulianza kupanda. Lakini mama mkwe alikuwa amesogea karibu na kiti cha tatu na kuweka mkono kwenye mgongo wake, pale ambapo bega la mtu aliyekaa lingekuwa.

"Anakula?" Pulchérie aliuliza.

"Kila siku. Natia, ninaendelea na kazi yangu, nikirudi ni safi. Hapa anakula kuliko Fizi. Iko karibu."

"Mi nilifikiri ni wewe unakulaka," Raphaël alisema.

"Mi?" Sauti ya Anastasie ilipasuka. "Mi nikule sahani ya mutoto wangu? Patron, unanitukana mbele yake!" Kisha macho yake yakashuka mezani, yakaona samaki aliyevunjwa mkia. Akatulia ghafla. "Nani ameonja?"

Pulchérie hakuwa na tabia ya kusema uongo, hata mdogo. "Ni mimi, Mama."

"Basi amekukaribisha." Mwanamke alitabasamu kwa upole uliomwingia Pulchérie mifupani. "Muntu anayeonja sahani yake angali muke wake. Nilijua utakuja. Niliposikia patron anasema jina lako jikoni, anaimba-imba, nikamwambia Jérémie: ngoja, Jumapili atakaa karibu na wewe."

Raphaël alizunguka meza, akasimama kati yao. "Mama, kwa heshima yote. Jérémie hayuko hapa. Mi nimeomba Pulchérie awe muke wangu, leo ananipa jibu. Wewe unaweza kumufungua na neno moja kule Fizi. Sema."

"Niseme uongo? Niseme hakuli, na anakula?"

Ziwa halikutoa sauti. Pulchérie alitazama kiti, kisha mwanamke, kisha mwanaume ambaye kwa wiki nyingi alikuwa amemfanya asahau kusafisha vioo vya hadubini yake kwa wakati. Aliona wazi kwamba wakibishana hapa mpaka jua lizame, kila mmoja angeondoka na kile alichokuja nacho.

"Tumuangalie," alisema.

"Nini?" Raphaël aliuliza.

"Mama, hujawahi kumuona akikula. Unatia, unaenda. Leo tukae wote watatu. Mulango ifungwe, dirisha ifungwe, paka isipate njia. Sahani tuiache mbele ya kiti yake. Hatuigusi. Tuone."

Anastasie alifikiri. "Na kama inabaki vile?"

"Utapanda Fizi, utabaambia bazee imebaki."

"Na kama anakula?"

Pulchérie alijua swali hilo lingekuja. "Nitabaki muke wake. Huyu nitamuacha."

"Pulchérie!" Raphaël alimshika kiwiko, akamvuta hadi dirishani. Alinukia ndimu na moshi, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Hii si labo. Unacheza na sisi juu ya samaki tatu za kukaanga?"

"Sichezi. Unaamini kama atakula?"

"Hapana!"

"Basi unaogopa nini?"

Raphaël alimtazama kwa karibu, na Pulchérie aliona kwamba anaogopa kweli, na kwamba yeye pia anaogopa. Walikuwa watu wawili waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema anaogopa nini.

"Nikikataa kuangalia," alimwambia taratibu, "itakuwa nimekubali anakula. Nitaolewa na wewe, na kila usiku nitajiuliza. Mi siwezi kukaa vile. Unanijua."

"Nakujua," Raphaël alisema. Akaachia kiwiko chake, akaenda kufunga mlango.

Anastasie alileta sahani mpya. Alipanga kila kitu kwa uangalifu: ndakala, kipande cha kiazi na mayai, pilipili kubwa zilizochomwa na kumenywa, maharage kijiko kimoja. Vyote bila chumvi. Madirisha yalifungwa, na nuru ikabaki mistari myembamba kwenye nyufa za mbao. Walikaa. Mama alikaa upande wa kulia wa kiti kitupu, Pulchérie kushoto, Raphaël mbele yao.

Joto lilipanda. Jasho lilimtiririka Pulchérie nyuma ya masikio, lakini hakuinua mkono kulifuta, asije akayaondoa macho mezani. Aliitazama sahani kama alivyozoea kutazama tone la damu chini ya kioo: bila kutaka lolote kutoka kwake. Ilikuwa kazi ngumu. Baada ya muda ilionekana kana kwamba mafuta juu ya samaki yanasogea. Akapepesa. Hayakuwa yamesogea.

"Wewe," Anastasie alimwambia Raphaël. "Umekuja kutafuta muke ya muntu. Mwenyewe iko hapa. Mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Mwambie unamutakia nini."

Raphaël alimtazama Pulchérie, na Pulchérie akainua mabega kidogo. Basi yule mwanaume mrefu akageuka, akakielekea kiti ambacho hakikuwa na mtu, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

"Kaka Jérémie," alisema. "Mi sikukujua. Ulipooa mi nilikuwa mbali. Kule nilikula peke yangu miaka mingi, nimesimama jikoni, sahani mukononi, batu bengine bamekaa wanacheka. Nilipikia batu kila siku na hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Siku ile ya malaria, huyu aliniambia majibu, kisha akaniuliza: umekula? Dawa haimezwi na njaa. Ni kazi yake kuuliza, najua. Lakini ni yeye aliniuliza. Sitaki kukunyanganya. Nataka tu kukaa meza moja na yeye mpaka nizeeke."

Mstari wa nuru ulikuwa umefika ukingoni mwa kiti cha tatu, ukaishia hapo.

"Anasema vizuri," Anastasie alinong'ona, si kwao. "Umesikia? Anasema vizuri." Alikuwa ameelekeza uso kwenye ufa wa dirisha, ambako palionekana kipande chembamba cha maji meupe. "Wewe hukujua kusema. Ulikuwa mutoto wa kunyamaza. Ukitaka kitu unasimama karibu na miye, unashika kitenge yangu, unangoja. Siku moja ulisimama vile mpaka bugali ikaungua, nilikuwa sijui una njaa…"

Aliendelea. Alisimulia jinsi mwanawe alivyochelewa kutembea, jinsi alivyoogopa mbuzi, jinsi alivyomletea mama yake samaki wa kwanza amemficha ndani ya shati mpaka shati likanuka. Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu anayebembeleza mtoto. Macho hayakuondoka kwenye maji.

Na mkono wake wa kulia ukanyooka.

Ulitoka chini ya kitenge polepole, kama kitu chenye njia yake kisichomhusu mwenyewe. Ulifika sahanini. Vidole vilichukua ndakala, vikampeleka mdomoni. Anastasie alitafuna, akameza, na katikati ya kutafuna aliendelea kusimulia habari ya shati. Mkono ukarudi. Ukachukua kiazi. Ukachukua pilipili. Uso wake haukuonyesha ladha wala njaa wala haya. Haukuwa hapo.

Raphaël alikuwa amekwama kitini kama aliyefungwa kamba. Pulchérie alikuwa ameona wagonjwa wa homa ya ubongo wakizungumza na ukuta. Hakuna aliyewahi kumtisha kama mkono huu mtulivu, unaokusanya sasa maharage ya mwisho kwa ncha ya kidole na kuusafisha udongo wa sahani mpaka unang'aa.

Mkono ulirudi chini ya kitenge.

Anastasie alishusha pumzi. Akageuka, akaiona sahani. Nuru ya furaha iliyomjia usoni ilikuwa kubwa hivi kwamba kuitazama kuliuma.

"Muko munaona?" alisema. "Amekula. Mbele yenu. Amekula yote."

Raphaël alimtazama Pulchérie, na macho yake yaliuliza swali moja tu: utamwambia? Angeweza kutomwambia. Angeweza kusimama, kwenda nyumbani, kutimiza ahadi yake, na kumwachia mama huyu mwanawe. Au angeweza kusema, na kumuua Jérémie kwa mara ya pili, mbele ya mama yake. Hapakuwa na njia ya tatu. Alitafuta, hakuiona.

Alizunguka kiti kitupu, akachuchumaa chini kama binti mbele ya mama, akautafuta ule mkono ndani ya kitenge, akautoa polepole.

"Mama," alisema. "Tazama mukono yako."

Vidole viling'aa mafuta. Kwenye kucha ya kidole gumba palishika ganda la haragwe.

Anastasie aliutazama mkono kwa muda mrefu. Akaunusa. Akapitisha ulimi kwenye meno yake, taratibu, akitafuta kitu, na Pulchérie aliona wakati alipokipata.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, Mama. Nimeona na macho yangu."

"Kila siku?"

"Sijui. Mi nimeona leo."

Mama aliposema tena, sauti ilikuwa imezeeka. "Njo maana sisikiaka njaa. Kule Fizi bananiambia: Mama Anastasie, ule, utakufa. Nabaambia, sisikii njaa. Nilifikiri ni huzuni." Akatazama kiti. "Basi yeye hakuli tangu lini?"

Pulchérie alibaki amechuchumaa, ameushika ule mkono wenye mafuta, wala hakumharakisha. Nje, kwa mbali, kengele ya baiskeli ililia na kupita. Anastasie alilia mara moja tu, sauti fupi, kavu, kama mbao inayovunjika. Kisha akafuta macho kwa kiganja cha kushoto.

"Alikwenda zamani," alisema. "Alikwenda, akaniachia sahani. Kesho nitapanda Fizi. Nitabaambia bazee bafunge." Akauweka mkono juu ya kichwa cha aliyekuwa mkwewe. "Simama, Pulchérie. Utachafua robe yako ya misa."

Alivua kitambaa cha jikoni, akakikunja, akakiweka mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kupitia ufa walimwona akiteremka hadi ukingoni, akainama, akaosha mikono yake ziwani kwa muda mrefu, kama mtu anayetoka kuzika.

Raphaël alifungua madirisha yote. Upepo ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa na mikunjo tena. Pulchérie alisimama katikati ya chumba; alipogeuka, Raphaël alikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kuhesabu kope zake.

"Jibu yangu ni ndiyo," alimwambia. "Ikishafungwa kule Fizi, nenda kwa baba na pombe yako. Ataifungua."

Alingoja lile tabasamu la upande mmoja. Halikuja. Raphaël alimshika mikono yote miwili, akaibusu, lakini macho yake yalikuwa yameenda kwenye kiti.

"Una nini?"

"Hakuna."

"Raphaël."

"Nilikuwa nafikiri tu." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Alhamisi Mama Nasta hakuwa hapa. Alitia sahani asubuhi, akapanda Fizi na moto, nilimuona akienda. Mi nikafunga mulango na dirisha zote, sahani ingali imejaa, nikaenda Lusenda kununua nyanya. Alirudi giza imeingia. Mi nilirudi kabla yake. Nikafungua mulango na ufunguo wangu mwenyewe, na sahani ilikuwa…"

Pulchérie aliweka kiganja juu ya mdomo wa Raphaël.

Alikuwa msichana aliyeuliza mpaka walimu wakachoka. Alikuwa mwanamke aliyeipima upya kila sampuli ya damu iliyomtia shaka, hata kama foleni ilifika barabarani. Raphaël alilijua hilo, ndilo alilompendea. Alimtazama juu ya kiganja kile, akishangaa, akingoja akiondoe na kumwambia amalize.

Hakukiondoa. Chini ya ngozi yake alihisi midomo ikiendelea kusogea, ikilitengeneza neno lililobaki, na akabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka ikatulia.